Ulezi Mweusi Ulipandwa Lini

Mashine ya kusaga ilikuwa haijawashwa wiki ya tatu sasa, na benchi la mbele ya mlango wake lilikuwa halijawahi kujaa hivyo. Ndivyo wanaume walivyo: kazi ikikosekana, maneno hayakosekani. Mwenye mashine, ambaye naye waliishia kumwita Mashine, alikaa karibu na mlango asije akapitwa na mteja, kama vile mteja yupo. Katikati alikaa Redio, fundi simu, mtu ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Mwisho kabisa alikaa Bwana Shamba. Aliwashauri wakulima wa pale miaka thelathini, akastaafu, cheo kikabaki kuwa jina. Bi Kahawa, muuza kahawa wao, alikuwa amekwisha kutua birika lake na kuwamiminia. Mada ilikuwa moja tu: ulezi wote, kuanzia barabarani mpaka mtoni, ulikuwa umekauka ndani ya wiki moja.

— Mimi nasema ni minara ya simu, alianza Mashine. Inafyonza unyevu. Ukiongea sana, simu si inapata moto? Huo moto unatoka wapi?

— Kwenye betri, mzee. Usiniharibie biashara, alisema Redio. Tatizo ni mawingu. Wahenga walishasema, vyaelea vimeundwa. Mawingu yanaelea au hayaelei?

— Yanaelea.

— Basi yameundwa. Na aliyeyaunda ana shamba lake mahali, ndiko anakoyapeleka.

— Methali hiyo haisemi habari za mawingu, alisema Bwana Shamba. Inasema habari za vyombo vya majini.

— Na wingu halina maji?

Mashine alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti. Bwana Shamba naye alitabasamu. Alizoea kuwasahihisha, na wao walizoea kutosahihishika, na urafiki wao ulikwenda hivyo miaka yote.

— Nyie mnaangalia juu tu, alisema Bi Kahawa. Angalieni chini. Huu ulezi mweupe wote ni mapacha. Mama mmoja, baba mmoja, wamezaliwa siku moja. Pacha mmoja akiumwa kichwa, mwenzake wa ng'ambo ya barabara anajishika kichwa. Mmoja kasikia kiu Jumatatu, Jumapili tumezika ukoo mzima.

— Bi Kahawa, leo umetuzidi, alisema Redio. Hata mimi siwezi kuitangaza hiyo.

Bwana Shamba hakucheka. Katika upuuzi wote wa asubuhi ile, huo ndio uliokuwa kweli, na ulimchoma. Zamani akina mama walipanda mchanganyiko: mweusi na mwekundu, mrefu na mfupi, wa kuwahi na wa kuchelewa. Mvua ije itakavyo, kitu kilivunwa. Ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaambia kuwa mchanganyiko ni uchafu, wachague mweupe, uliobaki wawape kuku. Alikuwa kijana mwenye cheti kipya, na mweupe ulizaa kweli, hakumdanganya mtu. Kuku walinenepa sana mwaka ule. Tangu ukame uanze alikuwa anawakumbuka wale kuku kila akilala.

Hapo ndipo alipofika binti mmoja, viatu vimejaa vumbi, begi mgongoni, akawaamkia wote kwa pamoja.

— Marahaba, alisema Mashine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umeleta nini cha kusaga?

— Sina cha kusaga, baba. Natoka kwenye hifadhi ya mbegu. Tunazo mbegu zilizotoka huku miaka thelathini na minane iliyopita. Ulezi mweusi, mfupi.

Aliwaeleza taratibu. Walikuwa wameunyima maji siku thelathini, majani yakajikunja, wakadhani umekufa. Walipoumwagia maji ukasimama. Aina nyingine zote walizopanda pembeni yake hazikusimama.

— Basi tumepona, alisema Redio. Lete tupande.

— Hautoi suke, kaka. Unaota, unavumilia, halafu unabaki majani mpaka unazeeka. Tumeupanda misimu mitatu, bure. Tunadhani tunakosea wakati. Zimebaki mbegu arobaini na mbili, nazo zimechoka. Mwaka huu nikikosea tena, ndiyo basi.

Akatoa karatasi iliyokwenda rangi ya chai na kuiweka juu ya benchi.

— Kila kitu kimeandikwa hapa. Rangi, mweusi. Suke, limefumba kama ngumi. Maelezo, haufai. Ila hapa kwenye wakati wa kupanda hapakujazwa. Ndiyo nikaja kuuliza. Ulezi huu ulikuwa unapandwa lini?

Swali lenyewe lilikuwa dogo, la mtoto wa darasa la pili. Mashine alimtazama Redio. Redio alitazama ndani ya kikombe.

Bwana Shamba aliitazama ile karatasi na kuujua mwandiko. Ulikuwa mwandiko wake, ulioinama upande, wenye haraka. Aliagizwa apeleke hifadhini konzi moja ya kila mbegu aliyoikuta, akapeleka, akasahau. Lile neno "haufai" alilipigia mstari chini, mara mbili.

— Ngoja, alisema Redio, mimi nina shangazi. Mama yake alilima huu, nina hakika.

Akapiga, akaweka sauti kubwa.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Leo umekumbuka kuwa una shangazi?

Redio aliomba radhi kwanza, kisha akauliza.

— Mama ndiye aliyejua, alisema shangazi. Kila mwaka kuna asubuhi alitoka nje, akatazama kitu, akasema kesho tunapanda mweusi. Alichokitazama sikijui, nilikuwa mdogo. Nilipofika umri wa kufundishwa, tayari bwana shamba alishaleta mweupe, mama akaona hakuna haja. Kwani mwenyewe mmemuuliza? Alikuja kwetu mara tatu na kitabu chake. Mama alimkalisha, akamwonyesha. Muulizeni yeye.

Redio alikata simu. Hakuna aliyegeuka kwa haraka, walimheshimu kiasi hicho, lakini wote waligeuka.

— Karatasi hiyo niliiandika mimi, alisema Bwana Shamba.

— Mungu akubariki, babu, alisema binti. Uso wake wote ulifunguka. Akavuta kalamu, akapiga goti moja chini ili apate pa kuandikia juu ya benchi. Tangu alfajiri nawauliza watu wasiojua, akasema.

Kule kufurahi kwake kulimuumiza Bwana Shamba kuliko kama angetukanwa.

— Huyo mama namkumbuka, alisema. Tulikaa nje kwake, kanionyesha kila aina, na mimi naandika rangi, naandika urefu. Huu mweusi aliuweka wa mwisho. Akauchukua kidogo kwenye kiganja, akaniambia, "Huu, mwanangu, haupandwi kama wenzake. Huu unapandwa…"

Bi Kahawa, aliyekuwa ameinua birika, alibaki nalo hewani.

— Unapandwa? aliuliza binti.

— Nilikuwa na nyumba mbili zaidi siku ile, na jua linazama. Nilishaandika haufai. Nikaona, mbegu isiyofaa, kujua inapandwa lini kutanisaidia nini?

— Lakini alisema, babu. Alisema unapandwa lini?

Bwana Shamba alimtazama yule binti, kijana kama alivyokuwa yeye, mwenye cheti bila shaka, aliyepiga goti kwenye vumbi kumsikiliza mzee.

— Alisema, mwanangu. Alisema mpaka mwisho, nilimwona midomo ikicheza. Ila sikusikia. Nilikuwa nimeshawasha pikipiki.