Beji Mia Moja na Kumi na Tatu za Evode Ndayisenga

Ndugu waombolezaji, kabla udongo haujamfunika, familia imeniagiza mimi Damascène, mdogo wa marehemu, nisome maisha ya Evode Ndayisenga kama mjane wake Languida alivyoyasimulia, bila kupunguza neno, hata yale ambayo msomaji mwenyewe angependa yapunguzwe.

Marehemu alizaliwa Cyanzarwe, hapa Rwanda, tarehe 9 Mei 1943, akasoma shule ya msingi hukohuko, mwaka 1959 akavuka mpaka kuingia Kongo pamoja na wazazi wetu, akamaliza sekondari Bukavu mwezi Juni 1964, ambako padri mmoja mzee alimfundisha Kiesperanto, lugha aliyoitangaza daktari wa macho kule Warszawa mwaka 1887 ili watu wa mataifa yote waelewane, akampa na beji yake ya kwanza, nyota ya kijani yenye pembe tano kwa mabara matano.

Tarehe 1 Februari 1965 aliajiriwa posta ya Goma, akawa karani wa barua kwa miaka ishirini na tisa, na marafiki wa kalamu wa Bulgaria, Japani na Brazili wakawa wanamtumia beji za zamani za mikutano yao, naye akiandika kwenye kikaratasi kila moja ilivaliwa wapi, mwaka gani, na kama aliyeivaa aliteswa kwa ajili yake, maana ziko nchi za Ulaya zilizowatia watu jela kwa lugha hiyo. Akipata mgeni alizitandaza mezani mpaka chai ikapoa, na sisi ndugu zake tulimtania kwamba ana lugha ya dunia nzima ila hana wa kuzungumza naye.

Alifunga ndoa na Languida tarehe 18 Julai 1970, wakajaliwa Iriza na Sylvain, wakarudi Gisenyi Agosti 1994, akapata kazi posta ya hapa, na beji zake, mia moja na kumi na tatu, zilivuka mpaka ndani ya sanduku la bati, zimechomekwa kwenye blanketi.

Tarehe 6 Februari 1998, wakati ambapo kila mtu alikuwa akiogopa hata kivuli chake kwa sababu ya waasi, alikamatwa kwenye kizuizi cha askari njiani kwenda Kanzenze, nyota moja ikiwa kwenye kola ya koti, wakasema ni alama ya waasi, naye akawajibu kwa utulivu kwamba nyumbani anazo zaidi ya mia, na historia ya kila moja imeandikwa, waje waone. Habari ya kukamatwa ilimfikia Languida, ya ahadi hiyo haikumfikia, na jirani yetu Dative alipomwambia kwa nia njema, "Mama Iriza, ile manyota itakuulia bwana, uitoe mu nyumba," akazitumbukiza zote katika shimo la choo, vikaratasi akavichoma.

Siku ya tatu Evode aliletwa amefungwa kamba, uso una matumaini, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku, akalikuta tupu. Akamtazama Languida, akaelewa, na mbele ya majirani wote akasema kwamba alidanganya, hakuwahi kuwa na beji nyingine, kwa sababu kama angesema mkewe amezitupa, mkewe angechukuliwa kwa kosa la kuficha ushahidi. Languida akawaacha waamini hivyo.

Alikaa kizuizini miezi tisa, akatoka tarehe 11 Novemba na kifua kikuu, akakuta watu wamempa jina la Muongo, kazini, kanisani, hata bombani kwenye maji, naye hakulikanusha, wala hakumuuliza mkewe neno, hadi alipokata roho tarehe 21 Januari 1999, saa nne asubuhi. Languida anasema kila siku alingoja aulizwe ili apate pa kuanzia, na hakuulizwa, na hilo limemuuma kuliko matusi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, Dative aliyemletea uji kila siku na ambaye hana lawama yoyote, majirani, na wafanyakazi wenzake, pamoja na wale waliomcheka, maana mko hapa na tunawaona. Sasa mmejua kwamba beji zilikuwepo.

Tukitoka makaburini tutanawa mikono nyumbani kwake kama ilivyo desturi, na Languida ameomba isemwe kwamba atakayeona vigumu kunawa naye katika beseni moja asilazimishwe, yeye hatamlaumu.

Kaka, uliyedanganya mara moja tu maishani, pumzika kwa amani.