Sindano Moja kwa Watu Wawili

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata na mdomo huu wangu ulioficha mambo! Semeni amina!

Mnanijua. Mimi ni baharia wa meli za mto, kwenda Léo, mji mkuu, na kurudi hapa Stanleyville. Huko Léo nilitembea ovyo, nikarudi na sopisi, kisonono chenyewe. Siku chache nyumbani na mke wangu, kukojoa kukawa pilipili tupu! Nikakimbilia hospitali. Infirmier, muuguzi wa pale, akanidunga penisilini, akasema: "Leta na bibi yako, yeye pia apate sindano. Mpaka adungwe, usimuguse."

Ndugu zangu, sikumleta, na kumgusa nilimgusa. Niliona haya! Nikajihubiria mwenyewe: si Neno linasema mume na mke ni mwili mmoja? Basi sindano iliyoingia kwangu imeingia na kwake. Mnacheka? Chekeni tu, ni haki yenu.

Maumivu yakaisha. Wiki chache baadaye yakarudi, na mara hiyo sikuwa nimekwenda popote. Nikamgeukia mke wangu Albertine, binti wa wavuvi wa Wagenia, nikamwita malaya mbele ya mama yangu. Aliuliza tu: "Miye? Na nani?" Nikamrudisha kwa baba yake. Nanyi wazee wa kanisa mkaniamini mimi, mkamtenga yeye na Meza ya Bwana, asile mkate.

Hapo ndipo nilipoujua upweke. Nilitwanga ndizi za lituma ya mtu mmoja, nikala nikitazama ukuta. Jirani akinisalimu, nilimshika kwa maneno asiondoke upesi. Jumapili niliimba kwa sauti kubwa, naye Albertine amekaa peke yake benchi la nyuma. Nilijiona mtakatifu, lakini nilikuwa mtu wa kuhurumiwa.

Ugonjwa wenyewe ukanirudisha kwa infirmier yule yule. "Bibi alidungwa?" Nikakiri: hapana. Akatikisa kichwa: "Papa, ni wewe ulimupa. Mwanamuke anaweza kuwa nayo bila kusikia maumivu hata kidogo. Haukumuleta, basi ikakurudilia."

Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa wote. Bwana alinifungua macho kwa mdomo wa mpiga sindano! Siku ile ile nilikwenda kwao, kwa Wagenia, nikamwambia baba mkwe kila kitu, bila kupunguza. Tukadungwa sote wawili, tukapona. Lakini kurudi nyumbani kwangu Albertine hataki. "Nimepona, inatosha," alisema.

Bado natwanga peke yangu. Lakini uongo umetoka ndani yangu, asante Yesu!

Ndugu zangu, wewe unayeumwa na kunyamaza, mtumaini Bwana, uende hospitali. Aibu ya mbele ya munganga ni ya saa moja. Nendeni wawili, asibaki mtu nyumbani. Na safarini kumbuka nani anakungoja.

Nanyi wazee, mmesikia nani alikosa. Leo mkate ukipitishwa, mpelekeeni Albertine. Mimi nirukeni.