Leonsia Bagenda, Aliyejinyima Namba ya Siri

Ndugu, majirani wa Mkuyuni na wa Buhongwa, na ninyi mliosafiri kutoka Kagera, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni Odeta, mdogo wake marehemu. Familia imeniomba nisome maisha yake, na imeniomba pia nisichanganye na maswali yangu. Hilo la pili nitajaribu.

Marehemu Leonsia Bagenda alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Kamachumu, Kagera, mtoto wa tatu wa Mzee Pius Muganyizi. Alibatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka huo huo. Alikuwa mtoto wa huruma kupita kiasi. Ukimwomba ndizi yake anakupa, kisha anakaa anakutazama unavyoila. Lakini alikuwa na maswali. Siku moja alimuuliza baba kahawa yetu ikishatoka ghalani inakwenda wapi, na huko inakokwenda nani anajua kuwa ni yetu. Baba alimjibu kuwa hakuna anayejua. Jibu hilo halikumridhisha, na nadhani halikumridhisha maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi hapo Kamachumu, akamaliza sekondari Bukoba mwaka 1969, kisha akapata cheti cha takwimu Dar es Salaam mwaka 1972. Mwaka 1987 alirudi huko huko kusomea kompyuta. Alipotutembelea tulimuuliza kompyuta inafanya nini. Akasema, "Inafanya ulichopanga. Kama hukupanga, inafanya fujo kwa haraka zaidi."

Mwaka 1973 aliajiriwa na shirika moja la umma hapa Mwanza, na tarehe 12 Julai 1975 alifunga ndoa na Mwalimu Elias Bagenda. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza Nice. Nyumba yao ya Mkuyuni haikupata kukosa wageni. Shemeji Elias alizoea kusema kwamba yeye naye ni mgeni, ila amekaa siku nyingi.

Shirika lilipunguza wafanyakazi mwaka 1993, kama mashirika mengi yalivyofanya. Miaka miwili baadaye marehemu aliitwa na kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, ambacho meneja wake ameomba tusikitaje. Kompyuta zilikuwa zimeshanunuliwa, ziko kwenye maboksi, na hakuna aliyejua ni za nini. Marehemu hakuzifungua. Alizunguka kwanza, idara kwa idara, akiuliza nani anahitaji kujua nini, na nani hapaswi kugusa nini. Watu walimwona msumbufu. Mwisho alipanga kwamba kila kreti ya samaki iandikwe jina la mwalo ilikotoka, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na taarifa zikishaingia zisibadilishwe ila kwa namba ya siri yenye vipande viwili. Nakala ya kila wiki ilipelekwa benki, Nyamagana, kwa sababu paa la kiwanda lilivuja.

Kipande kimoja cha namba alimpa Mama Getruda Nkwabi wa maabara. Cha pili alimpa Masalu wa chumba cha barafu, ambaye amemwoa binti wa Mama Getruda. Watu walishangaa. Kwa Wasukuma mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni, sasa watafanyaje kazi? Walifanya vizuri sana. Mama Getruda aliingia, akaandika chake, akatokea mlango wa uani. Ndipo Masalu akaingia. Marehemu mwenyewe hakuchukua kipande hata kimoja, na hilo ndilo lililonishangaza mimi.

Mwaka 1998 ulifika mzigo kutoka mwalo uliokuwa ukisemwa kuwa watu wake wanavua kwa sumu. Ndege ilikuwa ikisubiri. Yaliyofuata amenisimulia Masalu mwenyewe juzi hapa msibani. Meneja alimwambia marehemu, "Mama Nice, nibadilishie jina la huu mwalo, tusikose ndege."

"Bosi, mimi namba sina."

"Si wewe uliyeutengeneza huu mtambo?"

"Niliutengeneza, lakini namba wanazo wao."

Mama Getruda alipoitwa alisema Masalu akiweka yake, naye ataweka. Masalu akaitwa. Akasimama mlangoni na gamubuti zake. "Bosi, ingekuwa jambo la halali ningeweka sasa hivi. Hili nikiliweka, mama mkwe atajua kuwa nimeliweka. Nitapita njia gani tena ukweni?"

Mzigo haukuondoka. Kiwanda kilisimama kikisubiri wakaguzi, na akina mama wakata minofu wakarudi nyumbani bila kazi. Wengi walikuwa majirani wa marehemu, na wengine waliacha kumsalimia. Iliniuma sana kumwona akipita sokoni ameinamisha kichwa. Wakaguzi walipokuja walikuta kila kreti na mwalo wake. Walizikataa zilizoshukiwa, zilizobaki wakazipitisha, na kiwanda kikafunguliwa. Hata hivyo, wapo ambao salamu zao hazikurudi.

Mapema mwaka huu figo zake zilianza kusumbua. Alitibiwa hapa Mwanza, akauguzwa kwa upendo na mumewe na wanawe. Siku moja wodini nilishindwa kujizuia. Nilimwambia, "Dada, mtambo wako mwenyewe, namba ukawapa wengine. Ungekuwa nayo siku ile, ungefanyaje?"

"Ningefungua," akasema. "Wale akina mama wangekuja mlangoni kwangu na watoto mgongoni. Odeta, unanijua. Ningefungua kabla hawajamaliza kusema. Na watu wangekula sumu."

Alifariki Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1999. Desturi yetu ni kumrudisha nyumbani Kagera, lakini aliomba azikwe hapa Buhongwa. Ndilo jambo pekee ninalokumbuka alituomba.

Ameacha mume, Mwalimu Elias Bagenda, watoto watatu, Nice, Hellen na Muganyizi, wajukuu wawili, baba yetu Mzee Pius, na sisi wadogo zake. Ameacha pia wageni wa Mkuyuni, ambao hatuna idadi yao.

Mungu akupokee, dada yangu, ukapumzike. Huko uliko hakuna atakayebisha hodi kukuomba kitu usichoweza kumnyima.