Bibi Kivuli na Trei Isiyochokonolewa

Baada ya miaka thelathini na minne katika kitalu chetu, mwenzetu tunayemwita Bibi Kivuli anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Msimamizi ameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa meza zetu zimepakana tangu nilipoajiriwa. Sidhani kama alijua anamwomba nani. Miaka yote hiyo nimemwonea wivu mama huyu, wivu wa kukosesha usingizi, na leo sioni sababu ya kuuficha.

Aliingia hapa akiwa msichana wa kuosha vyungu. Kitalu kilikuwa kikiuza miche ya ua wa kuzungushia nyumba na nyasi za bustani, basi. Maua ya mwituni, yale ya zambarau yanayopenda kivuli cha miti mikubwa, hayakumkubali mtu. Yeye mwenyewe alianika mbegu za maua hayo juani kama za mboga, zikagoma kuota. Mwaka mmoja mvua ikamnyima jua la kuanikia, akaziatika zikiwa mbichi katika trei ya udongo aliouzoa chini ya mti, akafunika kwa majani yaliyooza na kuisukuma trei kivulini. Msimu mzima haikutoka hata nukta ya kijani. Tulimcheka. Msimu uliofuata trei ikajaa miche, akatucheka yeye, na hajaacha mpaka leo.

Maana Bibi Kivuli si mnyenyekevu, tusidanganyane kwa sababu ni siku ya kuagana. Mche ukichomoza, kitalu kizima kinaitwa kuja kuuona. Wageni wakija wanapita mezani kwangu kama wanaopita mlango wa stoo, wanakwenda kujipanga kwake. Nilimleta mke wangu aone kazi ninayoifanya. Akarudi nyumbani amekumbatia chungu cha jirani yangu wa meza, na chungu hicho hadi leo kiko dirishani, kinanitazama nikila.

Niliwahi kudai tubadilishane meza, nikiamini siri iko kwenye kile kivuli chake. Alikubali bila kinyongo, akahama na kikombe chake cha chai. Msimu huo meza yangu ya zamani ilichanua kuliko wakati wowote, na ile niliyoing'ang'ania ikabaki udongo mtupu, tukarudishiana.

Kasoro yangu anaijua kila mtu hapa. Nikishapanda, situlii. Kila asubuhi nachukua kijiti na kuchokonoa udongo nione kama mbegu imetoa mzizi. Mama huyu aliniambia mbele ya watu kwamba hata mimi, ningefunuliwa shuka kila saa, nisingelala. Walicheka hadi madereva.

Kazi yake haina ubishi, nami naiandika huku nimeuma meno. Ule msitu mdogo nyuma ya hospitali, uliobaki vumbi tupu chini ya miti, leo umetandikwa zambarau. Wagonjwa wanaopata nafuu hutembezwa huko. Ni miche yake yote. Hakuna hata mmoja wa kwangu.

Sasa yametokea mawili. La kwanza, alipoulizwa nani arithi kivuli chake, alinitaja mimi. Msimamizi amenieleza wazi kwamba nisipootesha chochote, tutaacha maua na kurudi kwenye miche ya ua wa nyumba. La pili, wiki iliyopita aliatika trei moja ya mwisho, akaiweka mezani kwangu na kuondoka. Nikiivumilia, itachanua yeye akiwa hayupo, na wageni watajipanga kwangu. Watauliza nani aliipanda, na nitalazimika kumtaja. Hata akistaafu, mama huyu ataendelea kunishinda.

Nasikia anakwenda kuishi kwa binti yake, na tayari mjukuu ametengewa trei yake uani. Nilidhani siku hii ningefurahi. Kumbe namwonea wivu huyo mtoto, atakayekaa karibu naye kila asubuhi, pale ambapo nimekaa mimi.

Bibi Kivuli, asante kwa kazi, kwa vicheko, na kwa msitu ule. Sisi sote kitaluni tunakutakia maisha marefu, afya njema na mvua za kutosha. Njoo utuone maua yakitoka. Trei yako nimeihamishia kivulini, na kijiti changu nimempa mke wangu akifiche.