Marehemu Vilma Kardos, Mpokeaji Simu wa Stesheni ya Tiszakerek

Marehemu Vilma alizaliwa tarehe 12 Machi 1916 hapa hapa Tiszakerek, akiwa mtoto wa tatu wa mfua vyuma, akasoma shule ya kanisa, kisha Debrecen alikojifunza kazi ya simu, na mwaka 1935 akaajiriwa na reli katika stesheni yetu, ya mwisho kabla ya mpaka wa mashariki.

Tarehe 8 Mei 1937 alifunga ndoa na kaka yangu Ambrus, wakajaliwa watoto wawili, Gedeon, aliyezaliwa 1938, na Piroska, aliye nasi hapa.

Jumanne walikuja wageni wawili nyumbani wakasema, "Mzee Ambrus, mwaka hamsini na sita uacheni, semeni tu kaburini kwamba alikuwa mama mwema." Kaka yangu aliwakaribisha viti, na walipoondoka akaniambia, "Benedek, soma yote."

Basi, tarehe 1 Novemba 1956, redio ikitangaza kwamba, baada ya wananchi kuinuka, majeshi ya Urusi yanarudi kwao na nchi yetu iko huru, Vilma aliona treni zinaingia kutoka mashariki, moja nyuma ya nyingine, zimebeba vifaru, akapiga simu makao makuu ya reli Budapest, mji mkuu, akajibiwa, "Mama, hao wanaondoka, umechanganya njia."

"Mwanangu, mimi niko dirishani," alisema, "wanakuja huko kwenu."

Alikatiwa, akapiga tena, akapiga wizarani, akapiga magazetini, hadi mkuu wa stesheni akamsihi, "Vilma, utatuponza sote," naye akamjibu, "Gedeon wangu yuko huko chuoni, na watoto wa wenzangu," akaendelea mpaka askari wakakata waya.

Alfajiri ya tarehe 4 mizinga ilianza kulia Budapest, na siku iliyofuata Gedeon aliuawa mtaani akiwa na miaka kumi na minane, wala hadi leo hatujaonyeshwa kaburi lake.

Vilma alikamatwa Machi 1957 kwa kosa la kueneza uvumi, akafungwa hadi 1963, akatoka na kifua kibovu, akapewa kazi ya kufua mashuka ya hospitali, akaifanya bila kununa, ingawa kila gari liliposimama nje aliacha sentensi katikati akaenda dirishani.

Ugonjwa ulimzidi Septemba mwaka huu, na tarehe 2 Novemba 1971 akafariki mikononi mwa Piroska.

Familia inamshukuru daktari aliyekuja bila kuandika jina lake popote, majirani waliosaidia kumlea Piroska miaka ile ya kifungo, wafanyakazi wa reli mliothubutu kuja, na ninyi mliobaki nje ya ukuta wa makaburi kwa kuhofia kazi zenu, tunawaelewa.

Atakayeulizwa kesho kuhusu haya, asijisumbue kumficha mtu, aseme yalisomwa na shemeji wa marehemu, Benedek Kardos, nyumba ya pili kutoka kanisani.

Vilma, shemeji yangu, lala sasa, pumzika kwa amani.