Kivuli Kilichokatwa kwa Haya

Niacheni kwanza nipumue. Katika nyumba hii hata kufa hakuruhusiwi bila hotuba: mama sema, mama usituache gizani, na nilipokuwa na pumzi zangu mlikuwa mkisema nina mdomo kama kinu, hauchoki kutwanga. Sasa kinu kimepasuka ndiyo mnataka unga. Niinulieni mto. Si hivyo, mnaninyonga! Sikilizeni, wanangu, na wewe mkubwa acha kuutazama ule mkasi ukutani, hauna miguu.

Nianze na vyepesi. Binti yangu, sufu ya mawingu iliyo darini ni yako yote, ila usiisokote kabla hujaichapa fimbo mpaka imwage machozi yake ya mwisho. Yule bibi harusi aliyevalishwa shali ya sufu mbichi ilimnyeshea kifuani, akazama akiwa amekaa kitini, na wapambe wanapiga vigelegele. Misumari ya barafu isiyoyeyuka mgawane, na mwenye kuipigilia avae ngozi mkononi, la sivyo kidole kitakatika kama bua. Vifungo vya meno ya radi msivitie kwenye kopo moja, vikigombana vitachoma paa, na paa lenyewe limeshakuwa chujio. Gundi ya mwangwi mnaijua: lisemwalo ikiwa moto, hulishika ikikauka, na kiungo kikiguswa hulirudia. Ndiyo maana kabati za karakana hunitukania wateja kwa sauti yangu mwenyewe. Niliziunga siku mbaya.

Sasa mkasi.

Mkasi ule unakata vivuli, na uzi wa kivuli hauozi, hauungui, haukatiki kwa kisu wala shoka, ndiyo maana wenye nazo huupigia magoti. Lakini kivuli ni cha mwenyewe. Unamwomba, naye akisema neno lile la kukubali, ambalo humu ndani hamjawahi kunisikia nikilitamka ovyo, unamkata ncha tu, upande wa kichwa, na ncha huota tena kama ukucha. Ukikata kisiginoni umemmaliza mtu. Hivyo ndivyo baba yenu alivyofundishwa, na ndivyo alivyomfundisha mdogo wake, tuliyekuwa tukimwita Koleo.

Koleo alikuwa na mikono mizuri na roho ya fisi. Alitaka kamba ya kivuli kizima cha fundi, maana mtu aliyesokota vivuli maisha yake yote, cha kwake huvizidi vyote. Siku hiyo nilikwenda kisimani, wewe mkubwa ukiwa mgongoni, binti yangu bado tumboni. Niliporudi nilimkuta baba yenu chini ya meza ya kazi, fuvu limefunguka kama boga lililodondoka, nyundo imenasa nywele zake, na jua la dirishani limemmwagikia mwili mzima bila kuweka chini yake hata doa la giza. Kigoda kilichopinduka kilikuwa na kivuli, nyundo ilikuwa na kivuli, yeye hakuwa nacho. Koleo alisimama pale, kamba mpya nyeusi imemzunguka kiunoni.

"Kaanguka, shemeji," akaniambia. "Na kabla ya kukata roho kanipa kivuli chake. Alisema haya kwa kinywa chake."

Wazee wa mafundi wakaja, wakaijaribu kamba, wakaona inamtii. Wakasema kamba haimtii mwizi. Wakaniambia, wewe mama, lia umalize. Nikalia. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Msibani watu walijaa mpaka viti vikaisha, tukatoa vya karakana. Shangazi yenu, yule mnene ambaye milango ilikuwa ikimwogopa, akajitupa juu ya kigoda ambacho baba yenu alikuwa akikiunga mguu alipouawa. Kigoda kikapiga kelele kwa sauti ya marehemu: "Unanipiga mimi, mdogo wangu? Huna haya! Huna haya!" Ikafuata sauti ya Koleo, inahema: "Umesema haya! Nimesikia mwenyewe!" Kisha nyundo. Shangazi akaruka, akajikwaa, akakirudia kigoda kwa matako, nyundo ikapiga upya na sisi tukausikia mfupa.

Na kamba nayo ilisikia. Ilikuwa imedanganywa kama wale wazee, ikidhani mwenyewe aliridhia, kumbe neno la kumsuta mtu ndilo lililoibwa likafanywa idhini. Ikaanza kukaza.

Koleo alicheka kwanza. Kisha akaingiza vidole apate nafasi, vidole vikavunjika. Ubavu ukalia kama kuni kavu, damu ikamtoka puani, wazee wakaleta visu na visu vikawa butu. Wa kuilegeza alikuwa mmoja tu, mrithi wa kivuli, yaani mimi mjane, kwa neno lile lile. Akajikokota mpaka miguuni kwangu. "Shemeji, nakatika vipande viwili! Sema haya! Shemeji, nakuomba, sema haya!"

Nikamaliza kwanza kunyonyesha. Wewe hapo, mkubwa. Ulikuwa na njaa.

Maji. Hayo yanatosha, msinizamishe. Pumzi zinanikimbia, acha nigawe kilichobaki, deni la Koleo nitalimalizia. Mwanangu, unadhani masikio yamenitangulia kaburini? Juzi nimekusikia nyuma ya ukuta huu ukimwambia mkeo sema haya tu, ni kivuli, hakiumi, na leo nimeziona alama za vidole vyako shingoni mwake. Mkasi ni wake. Mkwe wangu, utungue sasa hivi nikiona, usingoje nizikwe. Na ile kamba iko chini ya mto huu, ichukue pia. Mume wako akikuinulia mkono mara nyingine, itamtambua, imeshaonja mtu wa namna yake. Msidhulumiane. Mlipokatwa paote tena, vivuli vyenu viwalalie miguuni kama mbwa wanaowapenda. Nimewabariki. Hata wewe mkubwa, mpumbavu wangu, ila baraka yako nimeiweka kwa mkeo... ukamwombe.

Koleo, sasa. Nilimwambia, una mkono ulioshika nyundo na una koo lililopindisha neno la ndugu yako, vyote viwili navitaka. Akaunyoosha mkono. Kamba ikateremka kiunoni, ikajivingirisha kwenye kifundo, ikaung'oa. Mlio wake ni wa muwa ukivunjwa gotini. Nikamletea chungu cha gundi ya mwangwi kikitokota. Utakunywa? Akasema haya, akanywa, ngozi ya midomo ikabaki kwenye chungu. Ndipo nami nikalitamka, mara moja tu maishani mwangu, kamba ikamwachia. Gundi ikamkaukia kooni na neno lile peke yake. Ndiye anayetuvutia mivukuto hadi leo, mnayemwita Mzee Haya, mkicheka kwamba hajui kukataa... Hajui. Mtukane, mnyime chakula, mwulize kama anataka kuishi...

Fungueni dirisha. Sogeeni, sauti... mniitie. Koleo. Shemeji! Utanichimbia kaburi... kwa mkono huo uliobaki?

"Haya."