Mambo Matatu kwa Mpigo

Mwaka 1975, ndani ya basi la Kariakoo, mwanamke mmoja alimwomba jirani yake wa kiti mambo matatu kwa mpigo: afunge dirisha, amshikie kikapu, amshtue wakifika kituo cha Msimbazi. Kisha wakabishana kuhusu Vitalis, mfanyakazi mmoja wa ghala. Mwanamke alikuwa mshauri wa ofisi ya kazi. Jirani alikuwa mnyapara wa bandarini.

"Vitalis aliumia ubongo, ndugu, lakini kazi anaiweza," alisema mwanamke kwa fahari. "Nilishinda naye ghalani siku nne. Mpe agizo moja, alirudie kwa mdomo wake, ndipo umpe la pili. Wiki ya sita sasa, hajakosea hata gunia moja."

"Msahaulifu hafai ghalani," mnyapara alisisitiza.

Basi likasimama. Dirisha lilikuwa limefungwa vizuri. Msimbazi walikuwa wameshaipita. "Dada, uliniambia mengi kwa pamoja," mnyapara alijitetea. Mwanamke alichukua kikapu chake, akashuka.